Ameacha jero, amechukua sarafu tatu za mia

SWALI

Shikamooni walimu wa safu hii.

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Igoma, Mwanza. Nina genge dogo mbele ya nyumba: nyanya, vitunguu, dagaa wa mafungu, na asubuhi nachoma vitumbua. Mkubwa ana miaka sita, yuko darasa la kwanza. Mdogo wake ana miaka miwili na nusu.

Mkubwa kuhesabu anajua. Kuanzia moja hadi mia anakwenda bila kukwama, na ukimmwagia maharage thelathini mezani atakwambia ni thelathini. Kwenye hela ndiko tunakopotezana. Juzi mjomba wake alishika jero, yaani sarafu ya 500, mkono mmoja, sarafu tatu za mia mkono mwingine, akamwambia achague. Akanyakua zile tatu, mbio nje anacheka. Nikimpa 200 mbili na 100 moja nikamuuliza ni shilingi ngapi, anajibu "tatu". Nikimkazia macho anabadilisha, anasema "mia tatu".

Wiki iliyopita nilimtuma dukani na noti ya elfu moja, vitu vya shilingi 600. Alirudi na vitu, sarafu moja ya 200 na pipi moja mkononi. Kama hela ilidondoka, au hakupewa, au aliitumia, hakuweza kueleza, na mimi nilimfokea tu.

Baba yake anasema niachane naye, atafundishwa shuleni. Bibi yake anasema mtoto akizoeshwa hela mapema anakuwa mdokozi. Mimi nataka michezo ninayoweza kufanya naye jioni nikifunga genge, isiyo ya kununua vitu. Pia mdogo akiona sarafu anazitia mdomoni, nifanyeje? Na je, niache kwanza kumtuma mkubwa dukani?

Mama wawili, Igoma

JIBU

Marahaba, mama wawili. Kijana wako kuhesabu anahesabu vizuri, ila anahesabu vipande wakati wewe unamuuliza thamani. Tangu aanze kusema moja, mbili, tatu, amefundishwa sheria moja: kila kitu unachokigusa kinapata namba moja. Maharage yanafuata sheria hiyo, na vidole pia. Sarafu haziifuati. Hata lile jibu la "mia tatu" lina akili ndani yake: ameshasikia kwamba kila sarafu huitwa mia fulani, ameona ziko tatu, akaunganisha. Usimfokee kwa hilo, yuko nusu ya safari.

Kuna ugumu wa pili ambao si wake, ni wa sarafu zetu. Mtaani zinazozunguka ni nne: 50, 100, 200 na 500. Zile za 5, 10 na 20 hazishikwi tena na mtu. Mtoto wa darasa la kwanza anajifunza namba zilizo ndani ya mia, na katika sarafu hizo ni hamsini peke yake iliyo chini ya mia. Kwa hiyo anatakiwa kujumlisha 200 na 500 kabla hajaizoea mia yenyewe. Baba yake hajakosea kwamba shule itafundisha, lakini darasa lenye watoto wengi halina sarafu za kumpa kila mtoto azishike, na hesabu ya sarafu huingia kupitia mikono.

Umbo nalo halimsaidii sana. Jero ndiyo kubwa kuliko zote na hamsini ndiyo ndogo, lakini jero si kubwa mara tano ya mia. Sarafu tatu zinajaza kiganja, moja haijazi. Kwa macho ya mtoto, aliyejaza kiganja ndiye tajiri.

Wewe muuza genge una mfano mzuri kuliko wa vitabuni. Kijana wako anajua kwamba fungu la nyanya ni moja, na ndani lina nyanya tano. Hakuna anayemwambia "chukua nyanya moja" akimaanisha fungu. Sarafu ya 500 ni fungu la sarafu tano za mia zilizofungwa ndani ya kipande kimoja cha chuma, na shida ni kwamba fungu hili halionekani ndani. Michezo yote tunayokupa hapa chini ina kazi hiyo moja, kumwonyesha kilichomo ndani ya fungu.

Anza na kopo. Tafuta kopo lenye mfuniko unaobana, uweke ndani sarafu hizi: nne za 50, kumi za 100, tano za 200 na mbili za 500. Jumla ni sarafu 21, shilingi 3,200. Hazitatumika kununua kitu, na wala hazitaki kuongezwa. Zioshe kwa maji na sabuni, maana zimepita mikononi mwa wauza samaki na makonda, kisha zikaushe kwa kitambaa kabla ya kuzifunika. Sarafu nyingi ni chuma kilichopakwa madini juu, zikikaa na maji zinashika kutu. Kila mchezo unaanza kwa kuhesabu sarafu 21 zinazotoka koponi na unaisha kwa kuhesabu 21 zinazorudi. Hapo anahesabu vipande kwa haki, na wewe unajua mapema kama moja imeingia chini ya kabati au mdomoni mwa mdogo.

Utaona tumesema sarafu halisi. Vipande vya karatasi vilivyochorwa 100 na 500 vinafaa baadaye. Mwanzoni mtoto anahitaji uzito, kingo na sauti ya sarafu ikianguka mezani.

Siku mbili tatu za kwanza usimuulize jumla kabisa. Mwache azitambue. Mwambie azipange kwa rangi: 50 na 100 ni za njano, 200 na 500 ni nyeupe. Kisha azipange kwa wanyama. Hamsini ina faru na ndama wake, mia ina swala, mia mbili ina simba, mia tano ina nyati. Upande wa pili kuna viongozi: Mzee Mwinyi kwenye 50, Mwalimu Nyerere kwenye 100, na Mzee Karume kwenye 200 na 500 zote mbili. Ndiyo maana hatutaki ategemee sura za watu. Zile mbili nyeupe anazozichanganya zina sura ya mtu yuleyule, kwa hiyo mzoeshe kugeuza na kutafuta simba au nyati. Baadhi ya watu wazima hutambua sarafu kwa rangi tu, na jioni gizani kwenye daladala wanalipia uzembe huo.

Hamsini ina jambo lake la kufurahisha: haina mduara, ina pembe saba. Mpe aihesabu kwa kuweka alama ya chaki kwenye pembe ya kwanza, la sivyo atazunguka na kufika tisa au kumi. Halafu tia sarafu nne, moja ya kila aina, ndani ya soksi safi. Aingize mkono bila kuchungulia na atoe unayomwagiza. Hamsini ataipata mara moja kwa zile pembe. Jero ataipata kwa ukubwa. Mia na mia mbili ndizo zitakazomsumbua kwa sababu zinakaribiana, na hapo usimkimbize. Mwache azishike zote mbili kwa pamoja alinganishe.

Sasa hatua ambayo hatukubali uiruke: vipande vya urefu. Chukua boksi la biskuti au la sabuni, rula ya sentimita 30, penseli na mkasi. Kata vipande vyenye upana wa sentimita 3 (hata jero inakaa hapo bila kuning'inia). Urefu ndio wenye maana: mia ni sentimita 6, mia mbili ni sentimita 12, mia tano ni sentimita 30, yaani rula nzima. Kata kumi vya mia, vitano vya mia mbili, viwili vya mia tano, sawa na sarafu zilizomo koponi. Halafu kata kimoja kirefu cha sentimita 60, ukigawe kwa mistari kila sentimita 6 upate vyumba kumi. Hiyo ndiyo barabara ya elfu moja. Kama boksi lako ni fupi, unganisha viwili vya 30 kwa gundi ya unga.

Kata mwenyewe, usimwachie mtoto. Ukikosea milimita mbili kwenye kila kipande cha mia, vitano vikipangwa vinazidi jero kwa sentimita nzima, na mtoto ataamini macho yake. Usitumie karatasi ya A4 kwa vipande vya jero pia: ina urefu wa sentimita 29.7, inapungua kidogo, na ubishi utaanzia hapo.

Ili kila kipande kijulikane ni cha sarafu gani, mpe kijana kazi ya kusugua. Sarafu inakaa mezani, karatasi nyepesi inawekwa juu, penseli inalazwa ubavuni na kupitishwa taratibu mpaka mnyama ajitokeze. Mambo matatu huharibu kazi hii. Sarafu inateleza, ibandike chini kwa punje ya ugali au kipande cha gundi ya karatasi. Ncha ya penseli ni kali na inachana. Iparue kwanza kwenye sakafu ya saruji iwe butu. Na mtoto anasugua huku na huku kwa kasi, picha inatoka mbili mbili; mwambie aende upande mmoja tu, karatasi ameishika kwa mkono wa pili. Mnyama akishatoka, anakatwa na kubandikwa mwanzoni mwa kipande chake.

Vikishakauka, rudia mtihani wa mjomba. Jero mkono mmoja, mia tatu mkono mwingine. Safari hii, kabla hajachagua, aweke kipande cha kila sarafu mezani, vya mkono mmoja juu na vya mkono mwingine chini yake. Cha nyati kinafika sentimita 30. Vitatu vya swala vinaishia sentimita 18. Usimweleze chochote, nyamaza. Muulize tu: "Zinahitajika swala wangapi ili wamfikie nyati?" Atavisogeza na kuongeza mpaka viwe vitano. Siku nyingine atajaribu simba: wawili wanafika 24, wa tatu anapita. Atakwama hapo, na kukwama huko ndiko tunakokutafuta, kwa sababu atalazimika kutafuta swala mmoja wa kuziba pengo. Bila sarafu ya 500 yenyewe, kuna njia tatu za kujaza jero kwa mia na mia mbili: swala watano tupu, simba mmoja na swala watatu, au simba wawili na swala mmoja. Usimpe zote. Akipata mbili leo, ya tatu itangoja.

Umeona bado hatujagusa hamsini. Wengi huanza na hiyo kwa kuwa ndiyo ndogo, na tunadhani ndipo wanapoharibu. Mtoto anayesema mia, mia mbili, mia tatu anahesabu moja, mbili, tatu anayoijua tayari, ila mbele kaweka mia. Ukimwingizia hamsini mapema unamdai "mia na hamsini", "mia mbili na hamsini", na nusu ya kila kitu. Ngoja mpaka mia, mia mbili na mia tano zimetulia. Kisha gawa kila chumba cha barabara kwa mstari wa nukta katikati, ukate vipande vinne vya sentimita 3, umwonyeshe kwamba faru wawili ndio swala mmoja. Kuanzia hapo sheria iwe moja: kabla ya kuhesabu jumla, hamsini zinaozeshwa kwanza, mbili mbili. Iliyobaki bila mwenzake inahesabiwa mwisho.

Vipande vya boksi vikishamkaa kichwani, viondoe hatua kwa hatua. Njia nzuri ya katikati ni kugonga. Aguse sarafu ya mia mara moja, ya mia mbili mara mbili, ya mia tano mara tano, huku akisema. Jero na mia mbili zikiwa mezani: "mia, mia mbili, mia tatu, mia nne, mia tano," anahamia kwenye simba, "mia sita, mia saba." Kosa la kawaida ni kuanza upya akihamia sarafu ya pili. Akifanya hivyo, shika kidole chake juu ya jero, muulize umefika wapi, kisha kihamishe. Akizoea, kataza kugonga jero: anaitaja "mia tano" moja kwa moja na kuendelea. Asipokatazwa atagonga mpaka darasa la nne.

Kisha panga mchanganyiko, kubwa kwanza, ndogo mwisho. Jero, mia mbili, mia mbili, mia, hamsini: mia tano, mia saba, mia tisa, elfu moja, elfu moja na hamsini. Sikiliza kwa makini pale anapotoka kwenye mia mbili kwenda kwenye mia. Watoto wengi huendelea na hatua ileile waliyokuwa nayo, kwa hiyo baada ya mia tisa atataka kusema elfu moja na mia moja. Dawa yake ni ndogo: acheni nafasi ya vidole viwili kati ya aina moja ya sarafu na nyingine, na kila akifika kwenye nafasi apige kofi moja kabla ya kuendelea. Kofi linamvunja mwendo.

Mchezo watakaoupenda, hasa akija jirani, ni wa kubadilisha. Dadu moja ya ludo inatosha. Mmoja anashika benki, wawili wanacheza, na kwa sasa hamsini zibaki koponi. Anayetupa dadu anapokea mia nyingi kama namba iliyotoka. Sheria: hakuna ruhusa ya kulala na sarafu mbili za swala, ukizipata mbili unamwambia benki "nibadilishie" na kuchukua simba. Ukiwa na simba wawili na swala mmoja, unabadilisha kuwa nyati. Wa kwanza kufika elfu moja au kuipita ameshinda. Watakwama pale mtu anapokuwa na simba watatu. Wanaona mia mbili tatu na hakuna sarafu ya mia sita. Hapo benki, yaani wewe, unauliza: "Ndani ya hizi tatu kuna nyati?" Yupo, na inabaki mia moja. Barabara ya boksi iwe karibu ili abishane nayo, asibishane na wewe. Mpe naye zamu ya kuwa benki mapema, maana anayebadilisha hujifunza kuliko anayetupa dadu.

Baada ya hapo ndipo mchezo wa genge. Hapa hatuna la kukufundisha sana. Weka vitu vitano tu na bei zako halisi kwenye vikaratasi, mathalani kitumbua 200, fungu la nyanya 500, pipi 50. Hatua ya kwanza analipa hela kamili. Ya pili unamkataza sarafu fulani: "Leo nyati hawapokelewi." Ya tatu ni chenji, na chenji usiifundishe kwa kutoa. Mtoto wa miaka sita hawezi kutoa 350 kwenye 500 kichwani. Mfundishe kupanda kutoka kwenye bei hadi kwenye hela uliyopewa, kama wauzaji wenyewe wanavyofanya. Bei ni 350, nimepewa 500. Naweka hamsini mezani: mia nne. Naweka mia: mia tano. Nilizoziweka ndizo chenji, 150. Angalia asije akaweka ile bei kwenye fungu la chenji. Watoto huihesabu nayo. Kikaratasi cha bei kikae juu ya meza, chenji ziwe chini yake, zisikutane.

Dakika kumi au kumi na tano kwa jioni zinatosha. Akianza kuzungusha sarafu kama pia, funga kopo.

Mdogo. Miaka miwili na nusu haruhusiwi kwenye kopo hili hata kidogo, wala vifuniko vya soda visiwe mbadala, vinamezeka vilevile. Mpe vifuniko vya makopo ya maziwa ya unga au vya ndoo ndogo, vyenye upana unaozidi kiganja chake, avitenganishe kwa rangi pembeni yenu. Akimeza sarafu, usimtapishe, na usimlishe tonge la ugali au ndizi eti ishuke. Ukiona anatokwa udenda, anakataa kumeza, anatapika, anakohoa au anashindwa kupumua, kimbilia hospitali ya Sekou Toure, ya Bugando au kituo cha afya kilicho karibu. Hata akionekana mzima apelekwe, apigwe picha ijulikane imekaa wapi. Na kama ndani mna betri bapa za saa, rimoti au vitu vya kuchezea, hizo zifiche kuliko sarafu. Zinafanana na sarafu ndogo, na ikikwama kooni huanza kuunguza ndani ya saa mbili. Hiyo haisubiri kesho.

Bibi yake mjibu kwa heshima kwamba hofu yake ina msingi, na ndiyo sababu ya kopo. Hela ya kopo ni ya mchezo, hela ya genge ni ya genge, hazichanganywi hata siku umekosa chenji ya mteja. Siku ukichukua mia mbili humo bila kumwambia kijana, hesabu ya 21 haitatimia, na wa kwanza kutiliwa shaka atakuwa yeye. Mwombe bibi ashike benki kwenye mchezo wa dadu, ajionee.

Dukani usiache kumtuma, ila punguza mzigo. Noti ya elfu moja kwa vitu vya 600 ilikuwa kazi tatu kwa mkupuo: kukumbuka vitu, kulipa, na kukagua chenji asiyoijua. Kwa sasa mpe hela kamili, kitu kimoja, duka lisilohitaji kuvuka barabara. Akifanya hivyo bila shida, mpe jero ya kitu cha 300, na kabla hajatoka mpande bei pamoja: mia nne, mia tano, unarudishiwa mia mbili. Mwonyeshe sarafu yenyewe, simba mmoja au swala wawili. Chenji zihesabiwe juu ya meza ya duka, si njiani, kisha ziingie mfukoni au kwenye kimfuko chenye kamba shingoni. Kiganja cha miaka sita hakishiki sarafu tatu na chumvi kwa wakati mmoja, na huenda mia mbili yako imelala kwenye mchanga kati ya dukani na kwako.

Noti ya elfu moja irudi baadaye, siku ataweza kuilaza kwenye barabara ya boksi na kukwambia kwamba inajaza vyumba vyote kumi. Siku hiyo rudieni hesabu ya safari ile: mia sita, simba mmoja mia nane, simba wa pili elfu moja. Alitakiwa kurudi na simba wawili.

Kuhusu ile pipi, inawezekana hakuinunua. Maduka mengi yakikosa hamsini hutoa pipi, na mtoto hawezi kuikataa. Zungumza na muuza duka mwenyewe, kwa upole, kwamba kijana yuko kwenye mafunzo: ampe chenji ya sarafu tu, na zikikosekana amwandikie kwenye kikaratasi kiasi kilichobaki. Kijana naye mfundishe kusema, "Shikamoo, naomba chenji yangu, mama amesema tusipokee pipi." Aizoee sentensi hiyo nyumbani kwenye mchezo wa genge, wewe ukiwa muuza duka mkaidi.